Fimbo ya Mbali na Jicho la Karibu

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Walinena hayo zama ambapo aliyetaka kumfunza mwenziwe kazi yoyote ile, iwe ni kuchonga mtumbwi, kusuka ukili au kurusha mkuki, hakuwa na budi kusimama ubavuni pake. Leo mambo yamegeuka. Kijana aliye Kapsabet aweza kufunzwa mazoezi ya viungo na mkufunzi aliye Nairobi, na mkufunzi huyo akawa na wanafunzi wengine Mombasa, Kisumu na hata Doha, asiwahi kumpa mkono hata mmoja wao. Ratiba hupelekwa kwa simu, malipo huja kwa M-Pesa, na mazoezi hufanywa chumbani baina ya kitanda na kabati. Swali linalotukabili, hususan sisi tunaojishughulisha na malezi ya vijana, ni hili: je, fimbo hii ya mbali yaweza kumuua nyoka?

Naamini kwamba yaweza, ila kwa sharti moja. Sharti ishikwe na mkono wa mtu aliyekwisha kumjua mwanafunzi wake kwa karibu, na ambaye yu tayari kurudi karibu kila haja inapotokea. Mkufunzi anayechagua ukumbini pekee atawahudumia wachache wenye nafasi na fedha. Anayechagua mtandaoni pekee atawahudumia wengi asiowajua. Hekima imo katika kuziunganisha njia hizo mbili, na kuziunganisha kwa mpango, si kwa kubahatisha.

Hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mkufunzi binafsi si sawa na mwalimu wa michezo aliye na darasa la wanafunzi hamsini uwanjani. Yeye humchukua mtu mmoja, akayapima mwili wake na maisha yake, kisha akamtungia mazoezi yanayomfaa yeye na si jirani yake. Kazi hiyo ina sehemu mbili: kuna kuona, na kuna kufuatilia.

Kuona hakuna badala. Mchukue mtu anayechuchumaa akiwa na chuma mabegani. Huenda magoti yake yakaingia ndani, visigino vikainuka, au kiuno kikapinda anapofika chini. Yeye mwenyewe hajui. Anahisi kwamba amefanya sawasawa. Mkufunzi aliye karibu humzunguka, akamtazama mbele, kando na nyuma, akasikiliza pumzi zake, akaona uso uliobadilika rangi, na papo hapo akamzuia. Kamera ya simu huonyesha upande mmoja tu. Isitoshe, kanda inapomfikia mkufunzi jioni, kosa limekwisha kurudiwa mara ishirini, na mwili hushika mazoea mabaya kama unavyoshika mazuri. Yako pia mambo ambayo mtu hayaandiki katika fomu: goti lililoumia zamani, pumu anayoionea haya, au shinikizo la damu analodhani limepona. Hayo aghalabu hujitokeza katika mazungumzo ya ana kwa ana, viatu vikifungwa.

Kufuatilia nako kuna uzito wake. Juma lina saa 168. Mtu akikutana na mkufunzi wake mara mbili kwa juma, saa moja kila mara, zinabaki saa 166 ambamo atakula, atalala, atakaa ofisini na kushawishika kuacha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Ni mifuko ya wangapi nchini Kenya iwezayo kumlipa mkufunzi asimame kando kwa dakika zote hizo? Hapa ndipo njia ya mbali inapoonyesha manufaa yake. Ujumbe mfupi wa asubuhi, daftari la mazoezi linalojazwa kwenye simu, swali kuhusu usingizi na maumivu: hayo hayahitaji nauli ya matatu wala saa mbili katika msongamano wa magari.

Nchi yetu ina ushahidi wa wazi wa jambo hili, na ushahidi huo umo katika riadha. Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama kanda za mabingwa wa Ulaya katika mtandao wa YouTube, hata akabandikwa jina la mtandao huo. Mwaka 2011 alitwaa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo kwa mtupo wa zaidi ya mita 78. Wengi huikomesha hadithi hapo na kuhitimisha kwamba mwalimu hahitajiki tena. Ukweli ni kwamba hadithi haikuishia hapo. Baada ya ushindi huo Yego alipata ufadhili wa kwenda Kuortane, nchini Finland, ambako alifunzwa na Petteri Piironen. Mwaka 2015, katika mashindano ya dunia mjini Beijing, aliurusha mkuki mita 92.72 na kuwa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika michezo ya uwanjani isiyo ya mbio. Mwaka uliofuata alipata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Rio. Kanda zilimfungulia mlango. Jicho la mwalimu likamsaidia kuvuka kizingiti. Asiyeona mchango wa kanda hizo anamdhulumu Yego, na asiyeona mchango wa Kuortane anawapotosha vijana.

Ushahidi wa pili una majonzi ndani yake. Kelvin Kiptum, kijana wa Chepkorio katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, alikuwa na kocha Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, mwanariadha wa zamani aliyekuwa akiishi Ufaransa. Walijuana tangu Kiptum alipokuwa mtoto. Kwa muda kocha alimsaidia kwa kumtumia ratiba kutoka mbali. Mwaka 2020 janga la Korona lilipofunga njia za dunia, Hakizimana alijikuta yuko Kenya, na wawili hao wakafanya mazoezi pamoja kwa takriban mwaka mzima. Mnamo Oktoba 8, 2023, Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Katika mwaka uo huo, kocha wake alikuwa ameeleza hadharani wasiwasi wake kwamba mwanafunzi huyo, aliyekuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa juma, angeweza kujivunja asipopunguza kasi. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya kocha na karatasi ya ratiba: karatasi huhesabu kilomita, kocha humhofia mtu. Wote wawili waliaga dunia katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat mnamo Februari 11, 2024. Mungu awalaze pema.

Kutokana na mifano hiyo tunapata kanuni moja: umbali hufaa pale ambapo ukaribu umeutangulia au utaufuatia. Mkufunzi mwenye busara ataanza kwa kukutana na mwanafunzi wake mara mbili kwa juma katika mwezi wa kwanza. Atamfunza mienendo michache ya msingi, yaani kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kuinua kitu kutoka chini na kukibeba, hadi mwili uizoee. Kisha atampa ratiba ya kufanya peke yake, na kumtaka atume kanda fupi iliyopigwa kutoka pande mbili, mbele na kando, simu ikiwa imewekwa kwenye kimo cha kiuno. Kila baada ya majuma manne au sita watakutana tena, na chuma kizito zaidi hakitaongezwa kabla ya mkutano huo. Likitokea jambo lenye dalili ya jeraha, mazoezi yatasimama na mwanafunzi ataelekezwa kwa daktari; hakuna mkufunzi mwenye haki ya kutibu goti kwa ujumbe wa simu.

Wapo watakaosema kwamba mpango huu ni wa ghali. La hasha! Mtu anayeishi mbali na ukumbi wa mazoezi atalipa nauli mara chache, na mkufunzi ataweza kutoza ada ya chini kwa majuma ya mbali na kuwapokea wanafunzi zaidi bila kujichosha kupita kiasi. Kilicho ghali ni kununua ratiba ya bei rahisi, kisha kulipia matibabu ya mgongo.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Katika mitandao ya kijamii wamejaa watu wanaojiita wakufunzi kwa sababu tu vifua vyao vimetutumka. Ratiba moja huuziwa watu mia, mwenye miaka 16 na mwenye miaka 60, mwenye kisukari na asiye nacho. Wanafunzi wetu huichukua ratiba hiyo hadi bwenini, wakajaza saruji katika mikebe, wakaichomeka kwenye kipande cha bomba, na usiku wakaanza kunyanyua uzani ambao hakuna mtu mzima aliyewaelekeza namna ya kuunyanyua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; lakini mkuu asiyekuwapo atasikikaje? Tusiwakemee vijana hao na kuishia hapo. Hamu yao ni njema. Wanachokosa ni jicho.

Aidha, kuna suala la heshima ya mwili. Mkufunzi wa mbali huomba picha, uzito, na habari za maradhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la habari nyeti, na inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Mkufunzi anayemtaka mwanafunzi wa shule amtumie picha za mwili wake bila mzazi kujua ameivunja amana, hata kama ratiba yake ni nzuri namna gani. Walimu na wazazi hawana budi kulisema hili waziwazi, bila kupepesa macho.

Walimu wanaufahamu ukweli huu kuliko wengi. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalipelekwa nyumbani kwa redio, runinga na simu. Mengi yaliokolewa kwa njia hiyo, hasa pale mwalimu alipowajua wanafunzi wake na kuweza kumpigia kila mmoja kwa jina. Hata hivyo, ni nani miongoni mwetu aliyeweza kumwona mtoto aliyekuwa akisinzia kwa njaa upande wa pili wa redio? Mwili una habari ambazo mawimbi hayazibebi.

Nina neno pia kwa wanafunzi. Mtaala wa umilisi umefungua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari pevu, na hapana shaka baadhi yenu mtaifanya kazi hii. Jifunzeni muundo wa mwili, mifupa na misuli, na namna ya kumhudumia aliyejeruhiwa. Lakini msiidharau lugha. Mkufunzi aliye ukumbini aweza kuonyesha kwa mkono. Aliye mbali ana maneno tu. Akisema, "Chuchumaa vizuri," hajasema lolote. Akisema, "Isukume sakafu kwa visigino, kifua kielekee ukutani, magoti yafuate vidole vya miguu," amemsogeza mwanafunzi bila kumgusa. Kwa hiyo kipindi cha insha ni sehemu ya mafunzo ya mkufunzi wa kesho. Anayeweza kueleza kitendo kwa usahihi hata asiyekiona akakitenda, huyo ameufupisha umbali.

Yafaa basi shule zilizo na walimu wa michezo waliohitimu zianze kwa hatua ndogo. Mwalimu awapime wanafunzi mwanzoni mwa muhula, awafunze mienendo ya msingi, awape ratiba ya likizo iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha, ambayo mzazi naye ataisoma na kuielewa, kisha awapime tena shule zikifunguliwa. Huo ndio muungano wa karibu na mbali, na hauhitaji mashine yoyote ya bei ghali. Penye simu, itumike kuuliza hali. Pasipo na simu, daftari la senti chache latosha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tunawataka vijana wetu wainame, wasukume, wavute, wakimbie na wajenge miili itakayowafaa hadi uzeeni. Tunachodai ni kwamba wanapoinama kwa mara ya kwanza, awepo mtu wa kuwatazama mgongo.