Amani ya Kutishana: Fikra za Urusi Kuhusu Vita na Msimamo wa Kanisa



Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, neno "nyuklia" limerudi kwenye taarifa za habari, na mjadala wake umefika hadi kwenye jumuiya ndogo ndogo hapa Tukuyu. Wapo wanaosema, "Mrusi asingekuwa na mabomu hayo, wakubwa wenzake wangeshamvamia." Wengine huongeza kwamba basi kila nchi ingefaa kuwa nayo. Kauli zote mbili zina msingi mmoja: kwamba hofu huleta amani. Makala hii inaeleza jinsi Warusi wanavyoielewa hofu hiyo, kisha inaipima kwa akili na kwa mafundisho ya Mama Kanisa.

Neno lenyewe

Warusi wana maneno mawili. *Ustrashenie* ni kumtia mtu hofu. *Sderzhivanie* ni kumshikilia asisonge mbele. Wakati wa Umoja wa Kisovyeti, neno la kwanza lilitumika zaidi kueleza vitisho vya nchi za Magharibi, na la pili kueleza sera yao wenyewe. Hilo la pili ndilo linalotumika leo katika nyaraka rasmi za Urusi, na maana yake ni pana: linahusu silaha za nyuklia, silaha za kawaida, diplomasia, uchumi na habari, wakati wa amani na hata vita ikiwa imeshaanza.

Tuchukue mfano wa jirani mwenye mbwa mkali. Kwa kawaida mbwa hufungwa getini ili mwizi asiingie. Lakini jirani huyu ameshaingia kwenye migomba yako, na huku akikata mikungu anatikisa mnyororo wa mbwa ili majirani wengine wasije kukusaidia. Februari 27, 2022, siku tatu baada ya uvamizi, Rais Putin aliagiza vikosi vya silaha hizo viwe katika hali maalumu ya tahadhari. Onyo lilikuwa kwa majirani.

Mwongozo wa Urusi wa mwaka 2020 ulisema nyuklia inaweza kutumika kujibu shambulio la silaha za kawaida iwapo uhai wenyewe wa dola uko hatarini. Mwongozo mpya wa Novemba 19, 2024 ulilegeza sharti hilo: sasa inatosha tishio kubwa kwa mamlaka au mipaka ya nchi. Tena, nchi isiyo na nyuklia ikiishambulia Urusi kwa msaada wa nchi yenye nyuklia, zote mbili zitahesabiwa kuwa zimeshambulia pamoja.

Vita visivyotangazwa

Mwaka 2013 Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Urusi, Valery Gerasimov, aliandika kwamba mpaka kati ya vita na amani unafifia, na kwamba njia zisizo za kijeshi zinaweza kufanya kazi kubwa kuliko bunduki. Wengi waliisoma makala hiyo kama mpango wa siri wa Urusi. Lakini yeye alikuwa akieleza, kwa sehemu kubwa, jinsi alivyoona nchi za Magharibi zikipigana. Kila upande humwona mwenzake ndiye aliyeanza, na hofu huzaa hofu.

Gharama yake hailipwi na wakubwa peke yao. Urusi ni kati ya wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Bei ilikuwa imeshaanza kupanda mwaka 2021, na vita vikaipandisha zaidi. Mkulima wa viazi wa Isongole na wa chai wa Katumba hawakuulizwa lolote kuhusu Ukraine. Agosti 8, 2022, kwenye Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea ili kupunguza mzigo huo.

Je, ni halali kutisha?

Katika falsafa ya maadili tunajifunza kwamba utashi huwa mwema au mbaya kulingana na kile unachokitaka. Tishio la nyuklia halina nguvu kama si la kweli. Lazima awepo askari aliye tayari kubonyeza kitufe. Je, ni halali kukusudia, hata kwa masharti, tendo lisilo halali kulitenda? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutamka kwamba kuangamiza miji mizima na watu wake ni kosa dhidi ya Mungu na mwanadamu.

Mwaka 1982 Mtakatifu Yohane Paulo II alikubali kwamba kuzuiana kwa silaha kungeweza kuvumiliwa kama hatua tu ya kuelekea kuziondoa. Hatua hiyo haikufika mwisho. Novemba 24, 2019, akiwa Hiroshima, Papa Fransisko alisema kwamba hata kumiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili.

Ipo hoja nzito upande wa pili. Mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachia silaha za nyuklia zilizobaki kwake, ikaahidiwa, na Urusi pia, kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Kumbe ingebaki nazo? Lakini kilichovunjika pale ni ahadi. Kila anayesalitiwa akijitengenezea bomu, dunia itakuwa na mabomu mengi na ahadi chache zaidi. Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha katika *Pacem in Terris* (1963) kwamba amani ya kweli husimama juu ya kuaminiana, si juu ya usawa wa silaha.

Sauti ya wasio na bomu

Mei 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki kuzitaka nchi zenye nyuklia zisimamishe majaribio, uundaji na usambazaji wa silaha hizo. Hakuwa na hata bomu moja. Aliona kwamba anayeweza kufa kwa vita hiyo ana haki ya kusema. Baadaye Afrika ilitia saini Mkataba wa Pelindaba (1996), unaolifanya bara letu eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulianza kutumika mwaka 2009.

Basi, mjadala huu ukizuka tena jumuiyani, tusiishie kuuliza nani ana mabomu mengi, Mrusi au Mmarekani. Tuulize yangeangukia nani. Jibu ni watoto, wagonjwa na wakulima kama sisi. Tuwaombee watu wa Ukraine na wa Urusi, na tukumbuke kwamba kunyamaza kwa mtu aliyetishwa si amani.