Haikuwa Haya, Magongo Yalikuwa Mafupi

Mama yake alinieleza yote kabla kijana hajapata hata pa kukaa. Tangu aingie sekondari amebadilika, akasema. Hainui uso, hachangamani na wenzake, akitembea macho yako chini kama aliyedondosha hela. "Daktari, mwanangu hajiamini. Naomba ukae naye umpe maneno."

Nilimwomba kijana asimame kwanza. Magongo yake yalikuwa ya alumini, yale yenye kikuku cha kukumbatia mkono chini kidogo ya kiwiko. Aliyapata akiwa darasa la tano. Sasa yuko kidato cha pili, sauti imeshakuwa nzito na suruali ya shule inaishia juu ya kifundo, lakini kile kifungo cha kurekebishia urefu kilikuwa bado kimekaa kwenye tundu lilelile la siku ya kwanza. Mpira wa chini wa gongo la kushoto ulishakwisha, na mahali pake pamefungwa kipande cha kandambili kwa waya. Nikabonyeza kifungo, nikavuta bomba, likalia ta, ta, ta: matundu matatu, karibu sentimita nane. Nikafanya hivyohivyo la pili, nikamvalishia mipira mipya. Aliposhika tena, mgongo ulinyooka na uso ukapanda wenyewe, maana shingo haikuwa tena na sababu ya kuinama.

Siku ile sikumpa maneno yoyote.

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu aweze kufanya mwenyewe mambo ya kila siku: kuvaa, kuoga, kuandika, kupika, kwenda msalani, kupanda daladala. Nimefika mahali pa kuamini kwamba tunapomtazama kijana mwenye ulemavu wa viungo tukasema hajiamini, mara nyingi tumeusoma mwili wake vibaya. Tunadhani ni haya pale penye kifaa kidogo, maumivu, uchovu au hofu ya kukosa choo. Tukishakosea kusoma, tunampa mawaidha mtoto anayehitaji bisibisi.

Balehe ndiyo inayotuchanganya. Mvulana katika kilele cha kukua anaweza kurefuka kati ya sentimita nane na kumi kwa mwaka mmoja. Kifaa kilichomkaa vizuri Januari kinaweza kuwa kinamuumiza kabla ya Desemba. Mguu bandia ni hivyohivyo: kikombe kinachopokea kigutu hubana kadiri mtoto anavyokua, na kwa aliyekatwa katikati ya mfupa, mfupa uliobaki huweza kuendelea kuota na kuchongoka, ukaisukuma ngozi kwa ndani. Mtoto akilalamika anaambiwa avumilie, kwa kuwa mguu bado unaonekana mzima. Naomba wazazi mnisikilize hapa: kijana akianza kuuacha mguu bandia uvunguni, usianze na hotuba. Mwambie akuonyeshe kigutu, utazame kama kuna wekundu, mchubuko au kidonda.

Magongo mnaweza kuyapima nyumbani. Kijana asimame wima na viatu vyake, mikono ining'inie. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, pale mkono unapokutana na kiganja, ili akishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Kama ni magongo ya kwapani, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya gongo na kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Anayejiegemeza kwa kwapa hubana mishipa ya fahamu inayopita hapo, na baada ya muda mkono huanza kufa ganzi na kulegea.

Vijana wenye mtindio wa ubongo wana jambo lao, na ndilo linalonisikitisha zaidi kwa sababu halielezwi. Jeraha lao la ubongo haliongezeki. Mwili unaolibeba ndio unaobadilika. Mifupa hurefuka haraka kuliko misuli iliyokakamaa inavyoweza kunyooka, na uzito wa mwili hupanda kuliko nguvu ya miguu. Magoti huanza kukunjika zaidi kila mwaka. Mtoto aliyekuwa anakwenda shule ya msingi kwa miguu anafikisha miaka 14, na safari ileile inamshinda. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu. Yeye mwenyewe anasadiki, na hapo ndipo moyo unapovunjika kweli.

Kwa kijana kama huyo huwa napendekeza kiti mwendo kwa safari ndefu, na mara nyingi mzazi analia. Ametumia miaka kumi kumfundisha mwanawe kutembea, leo namwambia akae. Namwelewa. Lakini kutembea si mtihani ambao mtoto atafeli akikaa. Ni matumizi ya nguvu, na nguvu zina kiwango. Akizimaliza zote njiani, atafika darasani amelowa jasho, atalala kwenye dawati, na mapumziko atabaki ndani wenzake wakitoka. Akienda kwa kiti na kutembea akiwa darasani na nyumbani, anabakiwa na nguvu za kusoma, kubishana na kuchekeshana, yaani mambo yanayomfanya kijana ajione mtu kati ya watu.

Kiti chenyewe lakini kipimwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataja hatua nane za huduma ya viti mwendo, miongoni mwake kumpima mtumiaji, kumfundisha, na kumfuatilia baadaye. Viti vingi vinavyotufikia vinapitia hatua moja tu ya makabidhiano na picha. Kiti kipana humfanya kijana aegemee upande mmoja siku nzima, na uti wa mgongo unaokua hufuata mkao huo. Nyonga zienee bila kubanwa, nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili, nyayo zilale zote kwenye pa kuwekea miguu. Asiyehisi makalio anahitaji mto mzuri na mazoea ya kuinama mbele kila baada ya nusu saa, dakika moja au mbili, ili damu irudi kwenye ngozi. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza kitandani muhula mzima.

Sasa nije kwenye choo.

Binti mmoja wa kidato cha kwanza, aliyezaliwa na mgongo wazi, aliletwa kwangu kwa sababu "anajitenga". Nilimuuliza maswali, akawa anajibu mama. Nikamwomba mama atusubiri nje kidogo. Tulipobaki wawili, binti akaniambia kwamba akiamka hanywi maji hadi arudi nyumbani saa kumi. Anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, ili akijihisi amelowa atoke kabla wenzake hawajasikia harufu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wengi wenye mgongo wazi hawapati taarifa kibofu kinapojaa, na kibofu hakijimwagi chote. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na mgandamizo wake unaweza kuharibu figo. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Jack Lapides, na wenzake walichapisha njia ambayo imeokoa figo nyingi tangu hapo: mgonjwa mwenyewe hupitisha mrija mwembamba, anamwaga mkojo, anautoa. Walionyesha kwamba si lazima pawe na usafi wa chumba cha upasuaji. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na mrija safi vinatosha. Hufanywa mara nne hadi sita kwa siku. Wasichana huanza kwa kioo kidogo, baadaye vidole vinazoea. Jambo moja la tahadhari: watu wenye mgongo wazi mara nyingi huwa na mzio wa mpira asilia, kwa hiyo mirija na glovu zisiwe za mpira huo.

Binti alijifunza kwa wiki chache. Kilichobaki kilikuwa nje ya uwezo wake. Choo cha shule kilikuwa na kizingiti cha sentimita 15, mlango wa sentimita 60 usiofungwa kwa ndani, na maji yalikuwa bombani upande wa pili wa uwanja. Kiti mwendo chake kinataka mlango wa sentimita 80 hivi. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo kizingiti kile kilihitaji mita moja na sentimita 80 za zege. Tulizungumza na mwalimu mkuu na kamati ya wazazi. Fundi wa mtaani aliimaliza kazi, na ndoo yenye bomba ikawekwa ndani. Muhula uliofuata binti aliniambia amehamia safu ya katikati, na sasa anakwenda shule na chupa ya maji.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, Namba 9 ya mwaka 2010, inataka majengo ya umma yafikike. Wazazi wengi huomba mlango mpana kama wanaoomba msaada wa harusi. Ombeni kama wenye haki.

Na asiseme mtu kwamba mwenye moyo mkubwa hahitaji choo. Anne Wafula Strike alizaliwa Kenya, akapooza kwa polio akiwa mdogo, na mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika mbio za viti mwendo kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Athens. Mwishoni mwa 2016, huko Uingereza, alikuwa kwenye treni ambayo choo chake cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu, akalazimika kujikojolea. Mwanzoni mwa 2017 alilieleza jambo hilo hadharani. Namtaja ninapozungumza na walimu, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia mwanamke yule kwamba tatizo lilikuwa kutojiamini.

Maneno yana sehemu yake, sikatai. Kiswahili chenyewe kiliwaweka watu hawa kwenye ngeli ya vitu, kiwete na kilema sawa na kiti na kijiko, na ndiyo maana wengi leo wanataka kuitwa watu wenye ulemavu. Kijana anasikia zaidi ya tunavyodhani. "Pole" kutoka kwa mgeni asiyemjua, kila siku, kila kituo cha basi, inamchosha. Pongezi pia zinamchosha, anaposhangiliwa kwa kufika tu darasani. Huwa nafanya nao mazoezi ya majibu mafupi. Anayeuliza "ulipatwa na nini?" si lazima apewe historia ya hospitali. Yule binti alichagua lake mwenyewe: "Nilizaliwa hivi. Wewe unaitwa nani?" Tulilirudia kama mara ishirini, mimi nikiigiza konda, abiria, shangazi wa jirani, hadi likatoka bila sauti kutetemeka.

Nyumbani, swali langu la kwanza huwa: anatumwa? Kwetu mtoto hutumwa. Ndivyo anavyojua kwamba yumo katika nyumba. Asiyetumwa kamwe, hata kama ni kwa huruma, anaambiwa kila siku kwamba hategemewi. Anaweza kukaa chini akamenya viazi, akaosha vyombo kwenye beseni lililowekwa juu ya kigoda, akatunza hesabu ya genge, akawasimamia wadogo zake homuweki. Akivunja sahani, agombezwe kama nduguye alivyogombezwa jana.

Liko moja zito. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wana uwezekano mara 3.7 zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko wenzao. Mtoto ambaye mwili wake umeshikwa na kila mtu tangu azaliwe, kwa kubebwa, kuogeshwa, kunyooshwa, ataujuaje mguso usiofaa? Anajifunza kwa sisi kuomba ruhusa. Mimi huuliza kabla ya kugusa goti, na nikiambiwa "subiri" nasubiri. Mwambieni habari za hedhi, ndoto nyevu, mapenzi na kukataa, kama mnavyowaambia ndugu zake. Wazazi wengi huruka somo hili wakiamini mtoto huyu hatapendwa wala hatapenda. Atapenda. Na msichana mwenye mgongo wazi na kichwa kikubwa anaweza kubalehe mapema kuliko wenzake, hivyo mazungumzo hayo hayafai kungoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yote yanayomhusu. Kliniki, hilo linaanza na kiti cha mama kusogezwa nyuma kidogo, na swali kuelekezwa kwa mwenye mwili.

Yule kijana wa magongo alitakiwa kurudi baada ya miezi mitatu, saa tatu asubuhi. Saa nne mama yake akanipigia: alitoka nyumbani peke yake, je, amefika? Hajafika. Alitokea saa tano, vumbi hadi magotini, akasema alipitia kwa wenzake uwanjani. "Shikamoo," akaongeza haraka, alipoona uso wangu. Nikamgombeza kwa kuchelewa, nikampigia mama. Kisha nikayapindua magongo nitazame. Mipira niliyomvalishia ilikuwa imelika upande mmoja, imebaki nyembamba kama ganda la karanga. Nikambadilishia yote miwili, nikampa na mingine ya akiba.