Laptopu Inapokataa Kuwaka Nyumbani

Zamani siri za nyumba zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, stakabadhi za ada na daftari la madeni. Leo katika nyumba nyingi za Ifakara, Mang'ula, na hata ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge, sehemu ya mambo hayo imehamia ndani ya laptopu. Kijana wa chuo anaandikia ripoti yake humo, baba anaweka hesabu za mpunga, na mama mweka hazina wa kikundi anatunza humo hisa na mikopo ya wenzake. Siku ikibonyezwa isiwake, nyumba nzima huchanganyikiwa.

Mama mpendwa, kabla hujamtuma mtoto kwa fundi, tulia kwanza. Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kusema haanzwi kwa sindano. Huanzwa kwa kuwauliza waliokuwa naye. Je, iliwaka lini mara ya mwisho? Umeme ulikatika ghafla? Kuna aliyeiangusha? Nani alimwaga chai? (Hapo watoto wote hunyamaza.) Majibu hayo huonyesha mahali pa ugonjwa kabla bisibisi haijatoka mfukoni.

Kisha tafuta dalili ya uhai. Kama hakuna taa wala sauti ya feni, shuku umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji. Tazama taa ndogo ya chaja ya laptopu kama inayo, na upapase waya wake pale unapopindwa kila siku, maana ndipo hukatikia kwa ndani. Ukiazima chaja ya jirani, soma maandishi yake. Volti ziwe sawa na za chaja yako, na ampea ziwe sawa au zaidi. Tundu kuingiana peke yake hakutoshi.

Hapa kwetu umeme una visa vyake. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, ni jirani yetu, lakini ujirani na bwawa hauzuii umeme kukatika. Umeme wa majumbani ni wa volti 230, na chaja nyingi zimeandikwa kuwa hupokea volti 100 hadi 240. Umeme unaporudi kwa kishindo huweza kupita kiwango hicho, na chaja huungua. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

Kama chaja ni nzima, ondoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani hutoka. Sasa rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu tena. Ikiwaka, betri ndiyo mgonjwa. Laptopu nyingi za siku hizi betri yake imefichwa ndani. Hizo nazo zishikilie kitufe vivyo hivyo baada ya kuchomoa chaja, ila usizifungue kwa nguvu.

Kuna zile ambazo feni inazunguka na taa zinawaka, lakini kioo ni giza. Ingia chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine inafanya kazi, ila mwanga wa kioo umekufa. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni kwa waya. Ikiwa inalia milio mifupi, hesabu ni mingapi, uandike. Milio hiyo ni lugha ya mashine, na mara nyingi husema kwamba kibao cha kumbukumbu, yaani RAM, kimelegea au kimechafuka. Fundi mzuri hukichomoa, akakisafisha na kukirudisha kwa muda mfupi tu.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Wenye nyumba karibu na mashine za kukoboa mpunga wanajua jinsi vumbi la pumba linavyoingia hadi kwenye chungu. Likiziba feni, laptopu hupata joto kupita kiasi na kujizima. Usiiwashe juu ya kitanda au mto.

Na kwa kuwa mpunga tunao, watu wetu wamezoea kuzika simu na laptopu zilizolowa ndani ya mchele. Mchele huo mpike tu. Hauvuti maji yaliyojificha ndani ya mashine, bali huacha vumbi na wanga. Ikimwagikiwa maji, au ikilowa katika mafuriko kama yale yaliyoupiga mkoa wetu mwaka 2024, izime papo hapo, chomoa chaja, toa betri, iinamishe kama hema, na usijaribu kuiwasha. Iliyomwagikiwa chai ya sukari ipelekwe kusafishwa ndani, hata kama inaonekana imekauka, kwa sababu sukari hubaki ikila vyuma.

Jambo moja nalisema kama muuguzi niliyewahi kufunga vidonda vya moto: ukiona kibodi imenyanyuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Usiichaji, usiitoboe, na usiitupe kwenye shimo la kuchomea taka. Hulipuka moto, na moshi wake ni sumu. Iweke nje ya nyumba, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, hadi fundi aiondoe.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Katika kikundi kimoja cha akina mama ninachokisaidia, laptopu ya mweka hazina iligoma wiki ya mgawo. Ilionyesha nembo ya kampuni, kisha maandishi meupe kwamba haioni diski. Hisa za mwaka mzima zilikuwa humo. Kufikia Jumapili minong'ono ilikuwa imeanza: mbona imeharibika wiki hii? Mama yule hakuweza kula. Kijana wake alitaka fundi wa kibandani "apige Windows" upya, yamalizike. Namshukuru Mungu, mama alikataa. Fundi mwingine aliitoa hadidiski, akaiweka kwenye kasha lenye waya wa USB, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ilifunguka taratibu, ikisuasua, na hesabu zote zikanakiliwa kwenye flashi. Diski yenyewe haikuishi mwezi. Siku hizi kikundi huchapisha hesabu kila mwisho wa mwezi, watu watatu wakaweka sahihi.

Ndiyo maana nasema, kupiga Windows upya si panadoli ya kumpa kila mgonjwa. Kukifanywa vibaya hufuta picha za marehemu, ripoti za chuo na hesabu za watu. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Chaguo la kurekebisha uwashaji halifuti mafaili yako. Ukiona neno Reset, simama kwanza. Aidha, baadhi ya laptopu mpya hufunga diski kwa BitLocker, na fundi akiitoa, mashine hudai namba ya siri yenye tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Itafute mapema, uiandike, uiweke na vyeti vyako.

Ukifika kwa fundi, sema wazi kwamba unataka mafaili kwanza, mashine baadaye. Andika namba iliyo chini ya laptopu, patana bei ya kupima na bei ya kutengeneza kila moja peke yake, na ukiweza kaa pale pale anapoifungua. Nywila ya barua pepe na ya benki usimpe, maana hazihitaji. Diski ya zamani akiibadilisha, akurudishie mkononi, hata kama ni mbovu. Asipokubali hayo, ichukue laptopu yako uende kwa mwingine.