Nguruwe Wanapohara Damu, Je, na Sisi Tumo Hatarini?

Mama anayefuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba anajua thamani yao. Ni ada ya shule, ni sare, pengine ni mabati ya jiko. Anapowakuta asubuhi wamejikunyata, hawataki pumba, na kinyesi chao ni majimaji yenye kamasi na damu, hofu yake ya kwanza ni hasara. Hofu ya pili huja pale mtoto wake mdogo naye anaposhika tumbo. Je, ugonjwa huu umetoka bandani?

Swali hilo nimeulizwa na akina mama zaidi ya mara moja.

Kuhara damu kwa nguruwe kuna sababu kadhaa. Mojawapo iliyo mbaya ni ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1921. Wataalamu walihangaika miaka hamsini kutafuta chanzo chake, hadi 1971 na 1972 watafiti wa Uingereza na Marekani walipokipata. Ni kijidudu chembamba kilichojisokota kama skrubu, ambacho leo kinaitwa Brachyspira hyodysenteriae. (Jina hilo waachie madaktari wa mifugo, hata sisi wauguzi linatutoa jasho.) Kinakaa katika utumbo mpana, na huwashambulia hasa nguruwe wanaokua, baada ya kuachishwa kunyonya. Panya nao huweza kukibeba kwa miezi, ndiyo maana banda lenye panya haliponi upesi hata likimwagiwa dawa.

Vijidudu vya umbo hili huitwa spirokete, na ukoo wao ni mkubwa. Kaswende huletwa na spirokete, homa ya papasi vilevile. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mtu akilisikia jina hilo hospitalini anaweza kurudi nyumbani akimtazama mwenzake kwa jicho baya. Spirokete wa tumboni si kaswende, wala kuwa naye si ushahidi wa uasherati.

Sasa, kile cha nguruwe tulichokitaja si kawaida yake kumwuguza binadamu. Cha kutuhusu zaidi ni ndugu yake, Brachyspira pilosicoli. Hiki hakichagui mwenyeji. Kimepatikana kwa nguruwe, kuku, mbwa, ndege wa majini na watu. Hujishikiza kwa ncha moja kwenye ukuta wa utumbo mpana, na vikiwa vingi, kwenye hadubini ukuta huo huonekana kama umeota nywele za brashi. Mwaka 1996 watafiti waliwapa nguruwe wadogo vijidudu vya aina hii vilivyotoka kwa binadamu, na baadhi yao wakaambukizwa. Kumbe njia ipo baina yetu na mifugo.

Uchunguzi unaofundisha sana ulifanywa katika vijiji vitano vya nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, nchi ambako nguruwe ni mali na heshima. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1997. Kati ya watu 496 waliopimwa, 113 walikuwa na kijidudu hiki, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Baadhi yao walipimwa tena wiki sita baadaye, na karibu wote walikuwa nacho bado. Lakini sikiliza hapa, msomaji: waliokuwa nacho hawakuonekana kuhara kuliko wale wasiokuwa nacho.

Kwa hiyo tusitiane hofu. Watu wengi hukaa nacho bila kuugua. Wengine husumbuliwa na kuhara kwa muda mrefu, maumivu ya tumbo, na mara nyingine damu kwenye choo. Wa kuangaliwa sana ni wale ambao miili yao imedhoofika; kwa wagonjwa mahututi kijidudu hiki kimewahi kukutwa hata ndani ya damu.

Ndipo linapokuja jambo linalonisumbua kazini. Mtoto akihara damu, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua Flagyl, tukisema ni amiba. Ni kweli kwamba dawa hiyo hutumika kutibu spirokete wa tumboni pale daktari anapoona haja. Lakini kuhara damu kwa mtoto mara nyingi huletwa na bakteria waitwao Shigela, na Flagyl haiwatibu. Siku mbili za kujaribu dukani ni siku mbili mtoto anapoteza maji. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Njiani umnyweshe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa bapa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na mweleze mganga kwamba nyumbani kuna nguruwe wanaohara; habari hiyo yaweza kumsaidia.

Vijidudu hivi hutoka kwenye kinyesi na kuingia kwa mdomo, navyo hupenda unyevu na baridi. Kwenye kinyesi kibichi au maji ya baridi huweza kuishi wiki nyingi. Jua na ukavu huviua. Mara nyingi anayefagia banda ndiye anayekanda unga wa chapati. Basi ndoo ya banda isiingie jikoni kabisa, hata ikioshwa. Viatu vya bandani vibaki nje. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kuchovywa tu kwenye beseni walilokwisha kuchovya wengine. Samadi mbichi isimwagwe kwenye mchicha. Irundikwe ioze kwanza. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa kama kisima kiko chini ya banda.

Kwa nguruwe wenyewe, mwite bwana mifugo. Ipo dawa iitwayo tiamulini inayofaa, ingawa katika nchi kadhaa vijidudu vimeanza kuizoea kwa sababu ya kutumiwa ovyo. Nguruwe mgeni atengwe wiki tatu au nne kabla ya kuchanganywa na wenzake. Na aliyetibiwa asichinjwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.