Istilahi za Kumalizia Mfano wa Jahazi

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zitumikazo katika hatua ya mwisho ya kuunda mfano wa jahazi, yaani hatua ile ambapo mbao zimekwisha kupigiliwa, na kilichobakia ni kusimamisha mlingoti, kufunga foromali, kutia makapi na kamba, na kuweka usukani, nanga na mapambo. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni dogo, la kuwafaa vijana wenye nafasi au mafundi wanaowauzia watalii. Sisi tunaliona kwa namna nyingine. Mtu aweza kuchora jahazi bila ya kujua lolote juu ya kamba zake, lakini hawezi kuumaliza mfano wake vizuri mpaka ajue kila kamba inaanzia wapi, inapita wapi, na ikivutwa inaleta nini. Ujuzi wa namna hiyo ndio ambao kamusi zetu, mara nyingi, hazimpi mfasiri.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya jina la kitu chenyewe. Wako wanaosema sanamu ya jahazi, wako wanaosema kijahazi, na wako waliokwisha kuzoea modeli. Sanamu hatuipendelei, maana humpeleka msomaji kwenye kitu cha kutazamwa tu, kisichokuwa na viungo vinavyotembea. Kijahazi ni jahazi dogo la kweli, ambalo mtu aweza kulipanda na kuvukia. Limependekezwa pia jahazi la mfano, na kwa sikio ni zuri. Lakini tangu zamani watu wetu wanajua kuwa shamba la mfano ni shamba kamili ambalo wakulima wengine huliiga, na kwa kiasi hicho jahazi la mfano lingekuwa jahazi bora la kuigwa na manahodha. Kwa hiyo tunashika mfano wa jahazi. Modeli tunawaachia wauza magari.

Mifano ya aina hii huundwa kwa skeli mbalimbali, na skeli ya 1:50 ni mojawapo ya zile za kawaida. Kwa skeli hiyo jahazi lenye urefu wa mita 15 huwa la sentimita 30. Kamba yenye unene wa milimita 40 hugeuka uzi wa milimita 0.8; na kapi la sentimita 20 huwa la milimita 4, yaani kiasi cha punje ya mtama. Fundi hulishika kwa kibano. Uzi hupitishwa kwenye nta ya nyuki ili usitoe vinyuzinyuzi, kwa sababu unyuzi mmoja uliochomoza, ukiukuza mara hamsini, ni sawa na kamba nzima iliyofumuka.

Kabla ya kamba kuna kulainisha mbao, na hapa hatuwezi kulipita neno msasa bila ya kusimama kidogo. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na mafundi seremala wa zamani waliyatumia majani hayo kusugulia mbao. Ilipofika karatasi yenye mchanga kutoka viwandani, hakuna kamati iliyokaa kuitafutia jina. Watu waliiita msasa, yakaisha. Siku hizi hata mswada hupigwa msasa, na mfasiri naye hupelekwa kwenye semina akapigwe msasa. Tunalitaja neno hili kwa kuwa linaonyesha njia ambayo lugha huifuata yenyewe ikiachwa: hutazama kazi ya kitu kipya, kisha hukipa jina la kitu cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi hiyohiyo.

Rangi nayo ina jambo lake. Sehemu ya chini ya jahazi, ile inayokaa majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ili kuzikinga mbao na wadudu wa baharini wanaozitoboa. Sehemu nyingine za mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Katika mfano fundi hutumia rangi ya dukani, nyeupe kwa chini na ya kahawia kwa juu. Mfasiri wa maelekezo akiandika tu "paka rangi nyeupe mpaka kwenye mstari wa maji", hajakosea, lakini amemnyima msomaji sababu. Akiandika "paka rangi ya deheni", kijana atauliza deheni ni nini, na atakuwa amejifunza kitu juu ya jahazi ambacho rangi nyeupe haimfundishi.

Sasa tufike kwenye kamba, ambako ndiko kwenye uzito. Mfasiri akifungua kamusi kutafuta neno henza, au jarari, au hamarawi, aghalabu hukuta maelezo ya namna ya "kamba ya jahazi" au "kamba ya kutwekea tanga". Maelezo hayo si ya uongo. Ila ni sawa na kueleza moyo, ini na figo kuwa ni "nyama za ndani ya mwili": daktari hatatibu kwayo. Tuyaeleze maneno hayo kwa kufuata mkono wa fundi anavyozifunga kamba zenyewe.

Foromali ni mti mrefu unaobeba tanga. Mara nyingi si mti mmoja bali ni miti iliyofungwa pamoja. Kwenye foromali, karibu na katikati yake, hufungwa kamba nene iitwayo henza. Henza hupanda mpaka kilele cha mlingoti, ikapita juu ya gurudumu lililotiwa humo, kisha ikateremka upande wa pili. Mwisho wake wa chini haushikwi na mtu, maana uzito ni mkubwa. Hufungiwa kapi liitwalo gofia. Kamba nyembamba zaidi, jarari, hupita katika gofia na katika kapi jingine lililokazwa chini kwenye sitaha, liitwalo abedari, na hiyo ndiyo mabaharia wanayoivuta. Kila jarari inapovutwa, gofia hushuka, henza hufuata, na foromali hupaa. Maneno haya yamo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, na hayakuanza siku hiyo. Tatizo ni kwamba katika kamusi yoyote kila moja hukaa mahali pake pa alfabeti, henza mbali na gofia, gofia mbali na jarari, na msomaji haambiwi kuwa hivi vyote ni chombo kimoja. Katika mfano wa jahazi havitenganiki. Fundi akiisahau gofia, jarari yake haina pa kupita, na tanga halipandi.

Tanga likishapanda, linahitaji kuongozwa. Pembe yake ya chini iliyo mbele hushikiliwa upande wa joshi, au goshi kama wasemavyo wengine, ambao ndio upande unakotoka upepo. Pembe ya nyuma huvutwa kwa demani. Kutokana na hapo joshini na demani yamekuwa majina ya pande mbili za chombo, unakotoka upepo na unakokwenda, na baharia hutaja pande hizo pale ambapo sisi wa nchi kavu tungesema kulia na kushoto. Hizi si jozi zinazolingana. Kulia hubaki kulia siku zote, lakini joshini huhama chombo kinapogeuzwa. Mfasiri anayeweka "upande wa kulia" mahali pa joshini amebadilisha maana, na kama anafasiri maelekezo ya usalama, amebadilisha pia mahali pa mtu kusimama. Kamba ya kuitulizia foromali isiyumbe huitwa hamarawi. Ile iliyoshonewa kwenye ukingo wa tanga lenyewe ili lisichanike ni dasi. Katika mfano wa 1:50 huwa ni uzi mmoja tu wa kushonea, na mafundi wengi huiacha.

Kuna watakaouliza kama watumishi wa serikali wanahusika. Tuchukue afisa anayeandika taarifa ya ajali ya chombo. Shahidi anamwambia kuwa kamba ilikatika, naye anaandika, "Kamba ilikatika." Ikiwa iliyokatika ni henza, basi foromali na tanga vyote vilianguka juu ya watu waliokuwa sitahani. Ikiwa ni demani, foromali ilibaki juu, na tanga lilipigapiga ovyo mpaka chombo kikakosa mwendo. Hizi ni ajali mbili tofauti, zenye sababu tofauti na pengine wahusika tofauti: henza huchakaa kule kileleni ambako haionekani mpaka mtu apande kuikagua, ilhali demani imo mikononi mwa watu kila siku. Taarifa yenye neno moja la kamba haimsaidii hakimu, haimsaidii mwenye chombo, wala haiwasaidii waliofiwa.

Baadhi ya istilahi hizi zina hatari ya namna nyingine, yaani zinafanana na maneno ya kila siku. Demani ni kamba, ni upande, na tena ni majira ya mwaka, pale kusi inapolegea kabla ya kaskazi kuanza. Dasturi ni mti unaochomoza mbele, omoni. Mhariri asiyeijua pwani atadhani mpiga chapa amekosea, atairekebisha iwe desturi, na kitabu kitatoka kikimwagiza kijana afunge kamba ya tanga kwenye mila za wazee. Makapi nayo ni wingi wa kapi, lakini mkulima akiyasikia atafikiria pumba. Hatuoni sababu ya kuyakimbia maneno haya. Inatosha yatumiwe mahali pake, na mhariri apewe orodha mapema.

Mlingoti hatutaukawilia, maana jina lake linajulikana na kila mtu. Tuseme tu kwamba mlingoti wa jahazi huinamia mbele, na mfano ambao mlingoti wake umesimama wima kama wa bendera ya shule humtambulisha fundi wake kuwa hajakaa pwani.

Mapambo ndiyo hufanywa mwisho kabisa, na ndiyo hupotea kwanza. Tazama mtepe. Chombo hiki cha pwani ya Lamu hakikuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo yake ilichomoza kwa umbo ambalo wengi walilifananisha na kichwa cha ngamia, na macho yalichorwa pande zake mbili. Mitepe ilitoweka baharini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kwa sehemu kubwa tunayoyajua juu ya sura yake yametokana na picha, maelezo ya walioiona, na mifano midogo iliyohifadhiwa. Mwaka 2003 uliundwa mtepe wa ukubwa kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja; sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Majahazi bado yanaundwa, Nungwi na Matondoni, lakini injini imechukua kazi kubwa ya tanga, na chombo cha injini hakina haja ya gofia. Kwa hiyo tunashauri kwamba kila mfano unaowekwa katika makumbusho au darasani ufungwe kamba zake zote, na kila kamba iandikwe jina lake kwenye kadi, pamoja na kazi yake kwa sentensi moja. Mwalimu aivute jarari mbele ya wanafunzi. Istilahi iliyoelezwa hivyo haihitaji aya nzima ya ufafanuzi.

Limebaki suala la merikebu za Ulaya zenye matanga ya mraba, ambazo mifano yake ndiyo inayouzwa madukani ikiwa na vitabu vya maelekezo. Hapa mfasiri hukuta vitu ambavyo jahazi halina. Baadhi ya majina tunayo tayari: mlingoti mdogo wa nyuma ni mlingoti wa galme, na mti wa mbele ni mlingoti wa maji, neno ambalo tungependa litumike kwa merikebu, dasturi ikibakia kwa jahazi. Kamba zinazoushikilia mlingoti pande mbili, za merikebu hazihamishwi, ilhali za jahazi hulegezwa upande mmoja na kukazwa upande wa joshi kila chombo kinapogeuzwa. Tunapendekeza za merikebu ziitwe nyuzi za mlingoti, na vile vipande vilivyofungwa katikati yake ili mabaharia wapandie viitwe ngazi ya kamba, bila ya kutafuta makuu.

Kilichotupa kazi ni kile kipande cha mti cha mviringo chenye matundu matatu, ambacho hufungwa kwenye mwisho wa kila mojawapo ya nyuzi hizo ili ziweze kukazwa. Kwa mbali hufanana na kapi, lakini hakina gurudumu, wala kamba haizunguki ndani yake. Jina lake la Ulaya, likifasiriwa neno kwa neno, litatupatia jicho la maiti, na hatudhani kuna baharia wa kwetu atakayekubali kulala karibu na majicho ya maiti arobaini. Isitoshe, jicho kwenye chombo chetu ni lile lililochorwa omoni. Tumetazama mfano wa umemetuli, ambao wanafunzi wa fizikia wameupokea bila ya manung'uniko, na tunapendekeza kapi tuli. Neno tuli halibadiliki kwa wingi, kwa hiyo litakuwa kapi tuli moja na makapi tuli arobaini, na kijana atakayeyatoboa matundu yake, matatu kwa kila moja katika mti wa milimita 4, atakuwa na muda wa kutosha wa kulizoea.