Fomu Iliyomkataa Ami

Muhula huu tulitengeneza fomu ya kujiandikishia chakula cha jioni cha klabu, na tulijisifu nayo kweli. Ukijaza sawasawa, kisanduku kinazungukwa na mstari wa kijani. Ukikosea, mstari mwekundu. Maneno hakuna. Tuliona yatachafua ukurasa.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, ami yake mmoja wetu akapiga simu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Wanangu, fomu yenu hainitaki. Nimebonyeza mara saba. Kama nafasi zimejaa semeni tu."

Ami hatofautishi nyekundu na kijani. Kwao wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana hatumwi sokoni kununua nyanya. Kwake visanduku vyote vilikuwa na mstari uleule wa rangi ya udongo. Kilichokataliwa ni namba yake ya simu: aliandika ya Muscat, inayoanza na +968, nasi tuliiambia fomu ipokee namba za Uingereza peke yake. Kosa lilikuwa letu, halafu tukamwonyesha kwa rangi asiyoiona. Tulimwandika kwa mkono, kisha tukakaa na laptop mpaka usiku.

Tuliweka maneno chini ya kila kisanduku, na alama ya mshangao pembeni. Hata wekundu wetu haukufaa. Mwongozo wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yapambanuke na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na nyekundu tupu juu ya nyeupe haifiki, inaishia karibu 4. Tukaikoza. Kisha aria-describedby ikaunganisha maneno na kisanduku chake, ili kisoma skrini kiyatamke.

Jingine lilituaibisha. Katika CSS tulitumia :invalid, ambayo huhesabu kisanduku cha lazima kuwa na kosa kwa sababu tu bado ni kitupu. Ukurasa ukifunguka, tayari umejaa wekundu. Mgeni anakaripiwa kabla hajapiga hodi! Tukaibadilisha kwa :user-invalid, inayosubiri mtu ajaze kwanza.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa wa Kiswahili chenyewe. Mmoja aliandika "Ingizo batili." Tukacheka, ni kama hukumu ya mahakama. Mwingine akaleta "Umekosea namba," tukamuuliza kama angethubutu kumwambia hivyo ami ana kwa ana. Baada ya saa nzima na birika la pili la chai tukakubaliana: "Tafadhali anza na namba ya nchi, kwa mfano +44 au +968."

Tulimwomba ami aijaribu tena. Alikosea makusudi, akasoma, akasahihisha, akabonyeza, ikapita. Sasa yumo mara mbili kwenye orodha, na anasema sahani ya pili hairudishi.