Jina Lako Katika Daftari

Leo nataka kunena habari za daftari la wapiga kura. Wengi hulidharau. Husema, "Siku ya uchaguzi ikifika nitakwenda." Walakini siku ile karani hakuulizi u mtoto wa nani, hutafuta jina lako katika daftari. Lisipokuwamo, utarudi nyumbani hata kama umesimama pale tangu alfajiri.

Zamani haki hii haikuwa ya kila mtu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, hakuandikwa ila mwenye umri wa miaka 21, tena awe amefika darasa la nane, au awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa katika sheria. Mkulima hodari asiyesoma, aliyelipa kodi yake kila mwaka, alibaki nje akitazama. Huko Unguja na Pemba, wanawake hawakupiga kura kabisa mwaka 1957. Leo katika Tanzania raia wa miaka 18, mume kwa mke, hapimwi kwa mali wala kwa vyeti.

Mtu atasema, "Kura yangu moja yafaa nini?" Na tufanye hesabu. Mwezi wa Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika jimbo la Chake Chake, kule Pemba, chama cha Afro-Shirazi kilishinda kwa kura moja tu. Kama mtu mmoja wa upande ule hakuandikwa, kura zingekuwa sawasawa. Kama ni wawili, kiti kingekwenda kwingine. Na kiti kile hakikuwa kitu kidogo. Afro-Shirazi walipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party viti 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Hapakuwa na upande wenye wingi wa kutawala, hata uchaguzi ukafanywa tena mwezi wa Juni mwaka uleule. Ghasia za Juni ile ziliua watu, nami siwezi kuziita siasa.

Kuna vijana waogopao kuandikwa, wakidhani ni kujiunga na chama. Sivyo. Karani haulizi chama chako, na kura yenyewe ni ya siri. Wala baba, wala mwajiri, wala mwalimu wako hana ruhusa ya kuitazama. Nanyi wazee, msiwazuie binti zenu kwa kisingizio cha kazi za jikoni.

Uandikishaji hauna malipo. Ambaye hajatimiza miaka 18, lakini ataitimiza kabla ya siku ya uchaguzi mkuu, aweza kuandikwa. Aliyehama aende kituoni aeleze, maana jina lililobaki Tabora halimsaidii mtu akaaye Tanga. Daftari libandikwapo, nenda ukalisome mwenyewe, herufi kwa herufi. Ukiona jina limekosewa, mwambie karani siku ileile, kabla karatasi hazijabanduliwa.